Kasha la wavu, la vioo au la rimoti: kuchagua kasha la kompyuta ya gemu lenye taa za rangi ukiwa Tanga

Vijana wengi wanaojenga kompyuta ya gemu hawahangaiki sana na prosesa wala kadi ya grafiki. Hivyo viwili mfuko ndio unaoamua. Kinachowachanganya ni kasha, au keisi kama wengi tunavyoiita. Makasha ni mengi, picha zake zote zinavutia, na taa zikiwaka kila moja linaonekana kama ndilo. Halafu kasha ndicho kifaa kitakachokaa nawe muda mrefu kuliko vyote. Prosesa utabadilisha, kadi utauza ununue nyingine, lakini kasha ulilolileta leo linaweza kubaki mezani hata baada ya vyote vya ndani kubadilika.

Nimegawa makasha haya katika makundi manne ambayo mtu wa Tanga hukutana nayo: kasha la wavu mbele, kasha la vioo, kasha la bei ya chini linalokuja na feni za rangi na rimoti yake, na njia ya nne, kubaki na kasha ulilonalo ukaliongezea taa. Kila moja lina mtu wake. Joto letu, vumbi letu na hewa yetu ya bahari vina usemi mkubwa hapa kuliko picha yoyote, kwa hiyo tuanze na vigezo.

Mambo matano ya kupimia

Hewa. Feni ya kasha haitengenezi ubaridi. Kazi yake ni kuingiza hewa ya chumbani na kutoa ile iliyokwisha kupata moto. Maana yake ni kwamba kompyuta haiwezi kupoa kuliko chumba ilichomo, na chumba kikipanda nyuzi kumi, vilivyo ndani ya kasha navyo hupanda karibu kiasi hicho hicho. Wahakiki wengi tunaowatazama YouTube hupima makasha kwenye vyumba vya nyuzi ishirini na kitu. Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, chumba cha Makorora au Chumbageni kisicho na kiyoyozi hufika nyuzi 32 mchana bila shida. Kasha lililopewa alama ya "linatosha" huko, hapa ndilo linaloanza kuvuma saa nane mchana. Prosesa nyingi za Ryzen 7000 zina kikomo cha nyuzi 95, na zile za Intel Core za kizazi cha 13 ni 100. Zikigusa kikomo hicho zinajipunguzia kasi zenyewe, na mchezo unaanza kukwamakwama wakati adui yuko mbele yako.

Taa. Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kuna aina mbili za taa za rangi, na zinatofautiana kwenye umeme. Aina ya zamani inatumia volti 12 na plagi ya matundu manne. Hiyo hubadilisha rangi zote kwa pamoja: zote nyekundu, zote bluu, basi. Aina ya pili, inayoandikwa ARGB, inatumia volti 5, na kila kitaa kinapokea amri yake peke yake. Ndiyo inayokupa mawimbi, upinde wa mvua unaozunguka, na nusu kijani nusu zambarau kwenye feni moja. Ukitaka taa za kupangilia kwa kweli, unatafuta ARGB.

Shika plagi ya ARGB mkononi uitazame kwa mbele. Urefu wake ni wa matundu manne, lakini yaliyopo ni matatu: volti 5 mwanzoni, la data likifuata, kisha pengo lisilo na tundu, na mwisho la ardhi. Pengo hilo lipo makusudi, ili isiingie kwenye soketi ya volti 12 yenye pini nne kamili. Anayelazimisha, au anayenunua waya wa kuunganishia usio na pengo, anapeleka volti 12 kwenye vitaa vya volti 5, na vitaa vinaungua papo hapo. Kwa hiyo kabla ya kutazama kasha, tazama mazabodi, yaani bodi kuu ambayo vifaa vyote huchomekwa. Tafuta pembeni yake soketi ya pini tatu na maandishi ya 5V au ARGB. Mazabodi nyingi za bei ya chini hazina kabisa, na hapo utahitaji kasha lenye kisanduku chake cha kuendeshea taa.

Soketi hiyo nayo ina kikomo. Nyingi zimewekewa ampea 3, yaani wati 15. Kitaa kimoja kikiwaka cheupe kabisa kinaweza kuvuta hadi miliampea 60, kwa hiyo hesabu yake ni vitaa 50 hivi kabla hujazidisha. Feni tatu za kawaida hazifiki huko. Feni tisa na mikanda miwili ya taa zinafika, na hapo unatumia kisanduku kinachochukua umeme moja kwa moja kwenye pawasaplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha. Anayehofia LUKU atulie: wati 15 kwa saa tano kila siku ni kama uniti mbili na robo kwa mwezi mzima.

Nafasi. Vipimo vitatu: urefu wa kadi ya grafiki, urefu wa kipoza prosesa, na ukubwa wa mazabodi. ATX ni milimita 305 kwa 244, micro-ATX ni 244 kwa 244, mini-ITX ni 170 kwa 170.

Matunzo. Vumbi, chumvi na kutu. Upande wa Pongwe na Maweni kuna vumbi la saruji na mawe ya chokaa. Raskazone na Sahare hewa ya bahari inaingia moja kwa moja dirishani. Ngamiani ni barabara, bodaboda na madirisha yaliyo wazi mchana kutwa.

Gharama. Hesabu bei ya kasha pamoja na feni utakazolazimika kuongeza, na pamoja na kulisafirisha kama linatoka Dar.

Kasha la wavu mbele

Hili lina uso wa chuma au plastiki yenye matundu madogo madogo, feni mbili au tatu nyuma ya uso huo, na kioo kimoja ubavuni. Corsair 4000D Airflow, Phanteks Eclipse G360A na Lian Li Lancool 216 ni mifano inayojulikana.

Hewa. Kwa upande huu hakuna cha kulishinda. Hewa haina kona ya kupita: inaingia mbele, inapita kwenye kadi na prosesa, inatokea nyuma na juu. Ukitaka kuona jinsi uso wa kasha unavyobadilisha mambo, angalia Corsair walivyofanya. 4000D Airflow na 4000X zina umbo moja la ndani. La kwanza limewekewa wavu mbele, la pili kioo kinachoziba feni tatu za rangi na kuacha mwanya pembeni tu. Kioo kinaonyesha taa vizuri zaidi, na feni zile zile zinalazimika kuvuta hewa kupitia mwanya. Kwenye chumba chenye kiyoyozi tofauti hiyo inavumilika. Kwenye chumba cha nyuzi 32 utaisikia kwa masikio.

Taa. Mwanga unapita kwenye matundu ukiwa umelainika, hauchomi macho. Wanaopenda duara kali la feni lionekane lote hawataridhika sana, ila anayelala chumba kimoja na kompyuta yake atashukuru. Soma jina la kasha mpaka mwisho. 4000D Airflow ya kawaida inakuja na feni mbili zisizo na taa kabisa, G360A inakuja na tatu za rangi, na Lancool 216 lipo la aina mbili, lenye taa na lisilo na taa, sura zikikaribiana. Muuzaji anayekutumia picha ya lenye taa si lazima akutumie lenye taa.

Nafasi. Kwa kawaida ni ya kutosha. 4000D inapokea kipoza cha hadi milimita 170, kwa hiyo hata Noctua NH-D15 yenye milimita 165 inaingia. Hilo lina maana kubwa kwa anayetaka kipoza cha hewa badala ya cha maji.

Matunzo. Hapa kuna kazi. Wavu unaopitisha hewa nyingi unapitisha na vumbi jingi, na vumbi la pwani lina tabia yake. Dodoma vumbi ni kavu, ukipuliza linaruka. Tanga linakutana na unyevu wenye chumvi na kugeuka utandu wa kijivu unaoganda kwenye ncha za mapanga ya feni na kwenye kona za chujio. Ukipitisha kidole unateleza kwanza, halafu unakwaruza. Blowa peke yake haiutoi. Chomoa chujio, lioshe kwa maji na sabuni kidogo, likauke kabisa kivulini ndipo ulirudishe. Mapanga yafute kwa kitambaa kilichokamuliwa, kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa, na feni ukiishika isizunguke. Anayekaa kando ya barabara ya vumbi aitazame kila wiki mbili. Ghorofani mwezi unaweza kupita.

Kuna mbinu inayopunguza kazi hii: feni zinazoingiza hewa ziwe na nguvu kuliko zinazotoa, mathalani tatu mbele na moja nyuma. Hewa ya ziada inatoka kwenye nyufa za kasha badala ya kuingilia humo, na vumbi linabaki na mlango mmoja tu wa kuingilia, ule wenye chujio.

Gharama. Ya kati. Mara nyingi hununui feni nyingine.

Linamfaa mtu anayecheza kwa saa nyingi bila kiyoyozi, mwenye kadi inayokula umeme mwingi, na aliye tayari kusafisha.

Kasha la vioo

Haya ndiyo yanayoitwa akwariamu: kioo mbele, kioo ubavuni, kwa mengine kona yao haina hata nguzo, na ndani unaona kila kitu. Lian Li O11 Dynamic la mwaka 2018 ndilo lililofanya mtindo huu uenee, na tangu hapo karibu kila kampuni ina la kwake. NZXT H6 Flow la 2023 ni mfano mzuri wa jinsi mtindo ulivyokomaa.

Hewa. Watu wanayahukumu makasha haya kwa kuangalia kioo cha mbele, na hawayatendei haki. Kasha zuri la vioo linavuta hewa kutoka chini na ubavuni, linatoa juu na nyuma, na feni za chini zinapuliza moja kwa moja kwenye kadi ya grafiki. Ukizijaza feni zote linapoa vizuri. Shida ni hilo "ukizijaza". O11 Dynamic linakuja bila feni hata moja. H6 Flow linakuja na tatu kwenye kona iliyokatwa mshazari, na nyingine unaongeza mwenyewe. Kasha la vioo lenye feni mbili tu, lililowekwa sakafuni ambako feni za chini zinafyonza vumbi la zulia, litakuwa na joto kuliko lolote katika makala hii. Lisipowekwa juu ya meza, lipate miguu mirefu.

Taa. Kwa taa, haya ndiyo makasha yenyewe. Unaona feni kwa mbele, mikanda ya taa kwenye kingo, na mwanga unaorudi kutoka kwenye kioo na kufanya feni sita zionekane kumi na mbili. Likiwa na ndani nyeupe, rangi zinaenea zaidi. Likiwa jeusi zinabaki kali na zenye mipaka. Mimi napenda rangi mbili zilizotulia kuliko upinde wa mvua unaozunguka usiku kucha, na kasha la vioo ndilo linaloonyesha kazi ya namna hiyo vizuri.

Ukiwa na feni nyingi, amua mapema nani ataziongoza. Kila mtengenezaji wa mazabodi ana programu yake: ASUS wana Aura Sync, MSI wana Mystic Light, Gigabyte wana RGB Fusion, ASRock wana Polychrome. Corsair na NZXT wana programu zao na plagi zao ambazo si za pini tatu za kawaida. Ukichanganya makampuni matatu utakuwa na programu tatu zinazogombania taa, na baadhi ni mamia ya megabaiti za kupakua kwa bando lako. Nunua feni zote za kampuni moja, au chagua zenye plagi ya kawaida ya pini tatu ziongozwe na mazabodi. Ipo pia OpenRGB, programu ya bure inayoendesha vifaa vya makampuni mengi na inayofanya kazi hata kwenye Linux. Na tangu mwishoni mwa 2023, Windows 11 ina sehemu yake ya kupangia taa kwenye mipangilio, kwa vifaa vinavyokubaliana nayo.

Nafasi. Ni mapana, lakini usidanganyike na upana. O11 Dynamic la kwanza linaishia kipoza cha milimita 155, na vipoza vingi vikubwa vya hewa vinazidi hapo. Ndiyo maana utaona wengi wameweka cha maji, na hiyo ni gharama nyingine. Pima na meza pia.

Matunzo. Vumbi linaingia kwa chini na ubavuni, na chujio la chini linasahaulika kwa sababu halionekani. Kioo chenyewe kinadai kitambaa kila siku chache, maana alama za vidole zikimulikwa kwa taa zinaonekana toka mlangoni. Lakini jambo la kulishika zaidi ni marumaru. Nyumba zetu nyingi sasa zina sakafu ya marumaru, yaani vigae, na kioo hiki kilichoimarishwa kwa joto kinahimili kugongwa katikati kuliko kuguswa ukingoni. Vigae hivyo ni vigumu kuliko kioo. Ukilisimamisha bapa la kioo kwa kona juu ya marumaru, hata taratibu, linaweza kusambaratika lote mara moja na kuwa chembechembe. Ukikifungua kioo, kilaze juu ya mkeka au kitanda.

Gharama. Ya juu, na bei ya kwenye tangazo ni mwanzo tu. Ongeza feni, pengine kipoza cha maji, pengine kisanduku cha taa. Likitoka Dar kwa basi, lisafiri kwenye boksi lake la asili na vipande vyake vya povu, maana kilomita zaidi ya mia tatu ni nyingi kwa kioo. Likifika stendi ya Kange, lifungue na ulikague hapo hapo kabla ya kusaini.

Linamfaa mtu mwenye chumba chenye kiyoyozi au upepo mzuri, anayerekodi video au kurusha michezo moja kwa moja, ambaye kompyuta yake ni sehemu ya mandhari, na ambaye bajeti yake haijaishia kwenye kasha.

Kasha la bei ya chini lenye feni za rangi na rimoti

Haya ndiyo mengi zaidi madukani. Mengine ni ya makampuni yanayojulikana, kama DeepCool CC560 linalokuja na feni nne za taa, na mengine hayana jina la kukumbukwa. Yasidharauliwe. Kwa mtu anayeanza, feni nne tayari ndani ya kasha ni nafuu ya kweli.

Hewa. Inategemea uso. Lenye wavu mbele linafanya kazi vizuri tu. Lenye kioo au plastiki iliyozibwa, feni zinazunguka kwa sura zaidi ya kazi. Weka kiganja mbele ya uso feni zikizunguka: usiposikia hewa ikivutwa, haivutwi.

Taa. Ziko za aina tatu, na boksi halisemi wazi. Kwanza, feni za rangi moja isiyobadilika. Pili, feni za rangi nyingi zinazobadilika zenyewe bila wewe kuziamuru. Tatu, feni zenye plagi ya matundu sita zinazoingia kwenye kisanduku chenye rimoti. Hizi za tatu zinapendeza na hazihitaji programu wala soketi kwenye mazabodi. Ila feni inapata umeme, taa na amri zote kupitia kisanduku hicho. Kikifa, feni zote zinasimama, na feni moja ikifa huwezi kuchukua yoyote dukani, lazima iwe ya kisanduku kile. Visanduku vingine husahau rangi uliyochagua kila umeme unapokatika na kurudi kwenye upinde wa mvua.

Na zile zinazochukua umeme moja kwa moja kwenye pawasaplai kwa plagi nene ya zamani ya pini nne huzunguka kwa kasi moja saa zote. Huwezi kuzipunguza usiku.

Nafasi. Soma vipimo mara mbili. Mengi ni membamba, na kadi ndefu hugota kwenye feni za mbele.

Matunzo. Bati lake ni jembamba na rangi yake ni nyepesi. Karibu na bahari kutu huanzia kwenye matundu ya skrubu na pale ambapo bisibisi imeparuza, kama duara dogo la rangi ya chai, kisha inatambaa chini ya rangi. Gusa mikwaruzo kwa rangi ya kucha isiyo na rangi siku ile ile ya kujenga. Machujio mara nyingi hayapo. Soksi nyepesi ya kike iliyovutwa na kubandikwa nyuma ya uso wa mbele inafanya kazi ya chujio, mradi uifue.

Gharama. Ya chini kuliko mengine yote mapya.

Linamfaa anayejenga kompyuta ya kwanza yenye kadi ya wastani, anayetaka rangi leo bila kujifunza programu.

Kubaki na kasha lako na kuliongezea taa

Wengi wetu tunaanza na kompyuta ya ofisi iliyotumika, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, na kuiongezea kadi ndogo ya grafiki. Fikra ya kwanza ni kuihamishia kwenye kasha la taa. Kabla hujanunua, fungua ubavu. Mazabodi za mashine hizo mara nyingi hazifuati vipimo vya ATX, plagi za umeme ni za kampuni yenyewe, na hata waya wa kitufe cha kuwashia una umbo lake. Kasha jipya linaweza kufika na usiweze kufunga skrubu zote.

Kwa hewa, kasha la ofisi lilipangiwa kazi ya ofisi, kwa hiyo kadi kubwa isiingie humo. Kwa taa, njia rahisi ni mkanda wa taa wa USB wenye rimoti: bandari ya USB 2.0 inatoa hadi miliampea 500 na ya USB 3.0 miliampea 900, basi mkanda mfupi unatosha. Ubandike nyuma ya meza au ya skrini na mwanga wake ugonge ukuta, kwa sababu kasha lenyewe halina dirisha. Nafasi haibadiliki, matunzo ni yale yale, na gharama ni ndogo mno.

Inamfaa mwenye mashine inayomtosha kwa sasa, anayeweka akiba ya kujenga nyingine kamili.

Ukiangalia hali yako

Chumba hakina kiyoyozi na unacheza mchana: wavu mbele. Kama fedha hazitoshi kwa lenye feni za ARGB, chukua la wavu lisilo na taa, kisha ongeza feni moja moja zenye plagi ya ARGB ya pini tatu. Rangi zinaweza kusubiri mwezi ujao.

Unarekodi, una kiyoyozi, na kompyuta inaonekana kwenye kamera: vioo. Tenga fedha za feni tangu mwanzo, sita kwa makadirio, na uhesabu pia kwenye bajeti yako kipoza kitakachoingia humo.

Unafungua chumba cha gemu mitaani, kompyuta kadhaa zikiwaka toka asubuhi hadi usiku: wavu tena, na kioo kiwe upande wa ukutani au kusiwe na kioo kabisa, maana watoto wengi wanapita. Epuka kasha la rimoti hapa. Rimoti moja inaweza kubadilisha rangi za mashine zote za jirani zenye kisanduku cha aina hiyo, na mteja mmoja atazichezea siku nzima. Feni zinazofanana zote zitakurahisishia kubadilishana vipuri.

Nyumba iko kando ya bahari: chagua kwa uzito wa bati na ubora wa rangi kabla ya taa, na usiiweke kompyuta chini ya dirisha linalotazama maji. Kasha la vioo na la wavu yako sawa hapa; la bati jembamba ndilo litakaloumia mapema.

Kompyuta iko chumba cha kulala: hakikisha taa zinazimika ukizima mashine. Mazabodi nyingi huacha umeme wa akiba ukiziwasha taa hata kompyuta ikiwa imezimwa. Ingia BIOS, ile mipangilio ya mazabodi inayofunguliwa kompyuta inapowaka, tafuta mpangilio unaoitwa ErP, uuwashe. Kwa kasha la rimoti, utazizima kwa rimoti.

Ni kompyuta ya kwanza, ya mwanafunzi, na kadi ni ya kati: la bei ya chini linatosha, mradi uso uwe wa wavu. Baina ya lenye rimoti na lenye rangi moja isiyobadilika, ningechukua la rangi moja kama feni zake zinaingia kwenye mazabodi, kwa sababu zitapunguzika kasi na zitabadilishika moja moja.

Unaagiza Kariakoo bila kuliona: mwombe muuzaji picha mbili kabla ya kulipa, moja ya plagi za feni kwa karibu, nyingine ya karatasi ya vipimo ubavuni mwa boksi. Linganisha plagi na soketi ya mazabodi yako, na vipimo na urefu wa kadi na kipoza chako. Plagi ikiwa na matundu sita, muulize kama anauza na kisanduku cha akiba.